Mafuriko ya Makorongo Karatu na Ngorongoro: Kuhama au Kubaki?

Mafuriko ya Karatu na Ngorongoro ni ya mteremko. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mji wa Karatu uko chini yake kwa mamia ya mita, na Ziwa Eyasi liko karibu mita 1,030. Mvua inayonyesha juu hushuka kwa kasi kupitia makorongo, hivyo muda wa kuamua ni mfupi.

Vimbunga vya baharini vinahusiana vipi na nyanda hizi?

Kimbunga hupoteza nguvu kinapofika nchi kavu. Kimbunga Hidaya, kilichofika karibu na kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024, kilidhoofika mapema. Hata hivyo, vimbunga vya Bahari ya Hindi huweza kubadili mkondo wa pepo na kusukuma hewa yenye unyevu hadi bara, kama ilivyotokea Machi 2018 wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim. El Niño nayo huongeza mvua za vuli, kama mwaka 1997 na 2023.

Kwa nini maji hufika ghafla?

Milimita 50 za mvua kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50 za maji. Udongo ukiwa umeshiba, au ukiwa shamba tupu lisilo na makinga maji, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia korongoni. Korongo lililokuwa mchanga mkavu mchana huweza kujaa tope jioni, ingawa pale kivukoni halijadondoka tone. Dalili zake ni maji kugeuka rangi ya udongo, majani na magogo kuelea, na mngurumo kutoka upande wa juu.

Ni wapi penye hatari zaidi?

Ni kingo za makorongo, madaraja mfuto, mashamba ya bondeni kuelekea Eyasi, na makazi yaliyo chini ya genge la Bonde la Ufa, kama Mto wa Mbu wilayani Monduli. Miteremko mikali ina hatari nyingine, yaani maporomoko. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, kusini mwa Karatu, ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vilishukia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki.

Maji ya kina gani ni hatari?

Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuelesha gari dogo, na sentimita 60 huweza kusomba magari mengi, hata yale ya safari. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Tope huficha pia mashimo yaliyochimbwa na maji chini ya barabara. Aprili 12, 2024, jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji korongoni na wanafunzi kadhaa wakapoteza maisha.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husomwaje?

Taarifa ya hali mbaya ya hewa hutolewa kwa siku 5. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Kila taarifa hutaja uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Familia iliyo kando ya korongo hujiandaa tangu angalizo.

Ni lini kuhama, na ni lini kubaki?

Nyumba iliyo bondeni, kwenye ukingo unaomeguka, au chini ya mteremko wenye nyufa mpya ihamwe kabla ya giza, taarifa ya tahadhari inapotolewa au mvua inaponyesha mfululizo. Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto watangulie. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro sababu ya kuwahi mchana ni kubwa zaidi, kwa kuwa tembo, nyati na simba hutembea usiku. Nyumba imara iliyo mbali na korongo na mteremko ni salama kuliko njia inayokatiza maji. Wakazi wake wabaki. Njia ya kuhama ipande juu bila kuvuka korongo lolote.

Mifugo na mali vifanyweje?

Mifugo hupelekwa juu mapema, hasa ndama na wana-kondoo. Mkobani huwekwa vitambulisho, dawa, tochi, simu iliyochajiwa, maji na chakula kikavu. Hakuna mbuzi wala gunia la vitunguu linalostahili mtu kurudi bondeni maji yakiwa yamejaa.

Msaada hupatikana wapi, na kurudi ni lini?

Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wapewe taarifa kwanza. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na polisi kwa 112. Kurudi kusubiri maji yashuke, mvua ya juu ikome na kuta zikaguliwe. Maji ya visima na mito yachemshwe, kwa kuwa vyoo vilivyofurika hueneza kipindupindu.

Kila kaya iliyo karibu na korongo ichague sasa, wakati wa jua, mahali pa juu pa kukimbilia na njia ya kufika huko. Maji yakishafika mlangoni, nafasi ya kuchagua imekwisha.