Kabla ya Kununua Kopo la Nguvu za Seli

Vidonge vya kuongeza nguvu za seli mara nyingi huletwa nyumbani na mtu tunayemwamini: shemeji, jirani, mwenzetu wa kanisani. Anasema alikuwa hoi, akameza, akapata nguvu. Huenda anasema kweli tupu. Lakini aliyetoka kuugua malaria hurudiwa na nguvu hata bila kopo, na anayeanza vidonge mara nyingi huanza pia kula vizuri na kulala mapema. Ushuhuda hauwezi kutuambia ni kipi kilichomsaidia.

Jaribio linaweza. Watu wengi hugawanywa kwa kura. Hawa wapewe kidonge chenyewe, wale kinachofanana nacho kisicho na dawa, na asiwepo anayejua amepewa kipi. Jaribio la Q10, mojawapo ya vidonge hivyo, lililochapishwa mwaka 2014 lilifanywa hivyo kwa watu 420. Waliopewa Q10, miligramu 300 kwa siku kwa miaka miwili, walipata matatizo makubwa ya moyo machache kuliko wenzao. Lakini wote 420 walikuwa wagonjwa ambao moyo wao ulishindwa kusukuma damu ipasavyo. Matokeo hayo hayamhusu mkulima wa Kiminini anayechoka baada ya kupalilia mahindi. Vidonge vya kuongeza NAD, kemikali ambayo seli huitumia kutengeneza nguvu, navyo huipandisha katika damu, ila kwa watu wenye afya haijaonekana wazi kuwa wanapata nguvu zaidi.

Somo kubwa zaidi lilitoka katika utafiti uliofanywa kisiwani Pemba. Watoto wadogo walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, kwa nia njema kabisa, kwani chuma hujenga damu. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Mahali penye malaria nyingi, waliopewa chuma walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufa. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walifaidika. Kidonge ni kilekile. Tofauti ni nani alikimeza, na kama alipimwa na kutibiwa. Hapa kwetu Bungoma nako kuna malaria, kwa hiyo jambo hili ni letu.

Basi ukichoka kwa wiki kadhaa, anza na kipimo. Kwenye kituo cha afya omba upimwe malaria, wingi wa damu na sukari. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, pimwa kifua kikuu. Pesa za kopo zinunue gorogoro ya maharagwe, omena, terere na saga, na chai inywewe mbali na mlo, kwa sababu huzuia mwili kufyonza chuma cha mboga.

Mama mjamzito aendelee na vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki; hivyo vina ushahidi wa kutosha. Mtoto mwenye selimundu asipewe chuma bila daktari kuthibitisha kwamba anakihitaji. Na kama tayari unameza vidonge vya nguvu, chukua kopo lenyewe uende nalo hospitalini, hasa ukiwa unatumia dawa za presha, za kisukari au za kuzuia damu kuganda, ili daktari asome kilichomo kabla hajakuandikia dawa nyingine.