Nafasi na Mabano katika Sintaksia: Mfano wa Lugha ya Ruby na Funzo kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika masomo yetu ya sarufi, nafasi baina ya maneno hutiwa katika mlango wa tahajia, na mabano katika mlango wa uakifishaji. Sintaksia huja baadaye, kana kwamba mambo hayo mawili ni mapambo ya karatasi tu. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Tutaanzia mahali ambapo msomaji wa jarida hili huenda hakutarajia: lugha za kuandikia programu za kompyuta, hususan Ruby, iliyoundwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto na kutolewa kwa umma mwaka wa 1995.

Nafasi moja katika Ruby

Ruby humruhusu mwandishi kuacha mabano. Amri iitwayo puts, ambayo huandika kitu kwenye skrini, twaweza kuilinganisha na kitenzi. Kile kinachoandikwa ni kijalizo chake. Kijalizo hicho chaweza kufungiwa ndani ya mabano au kuachwa wazi. Uhuru huo ndio uzaao utata. Tutazame mistari hii miwili:

puts (2 + 3) * 4
puts(2 + 3) * 4

Tofauti ni nafasi moja tu baada ya puts. Mstari wa kwanza huandika 20, kwa kuwa nafasi hiyo huyafanya mabano yawe ya hesabu, na kijalizo kikawa hesabu nzima. Mstari wa pili huandika 5, kisha programu hukwama. Mabano yaliyogandana na kitenzi yamekifunga kijalizo kwenye 2 na 3 pekee. Kilichobaki ni agizo la kuzidisha kwa 4 matokeo ya puts, ilhali puts hairejeshi nambari yoyote.

Mfano wa pili unavutia zaidi kwa mwanaisimu. Tuseme tuna neno idadi. Tukiandika idadi - 1, huko ni kutoa. Tukiandika idadi -1, alama ikiwa imegandana na 1, fasiri hutegemea aina ya neno idadi. Ikiwa ni jina la kibadilika kilichokwisha kupewa thamani, bado ni kutoa. Ikiwa ni amri, Ruby huiona -1 kuwa kijalizo cha amri hiyo. Yaani mchanganuzi hawezi kuikata sentensi mpaka ajue kategoria ya neno, jambo ambalo kila aliyewahi kuchora vielelezo vya matawi analifahamu vyema.

Lugha nyingine zimeamua vingine. Perl, iliyotolewa mwaka wa 1987 na Larry Wall (ambaye, kwa taarifa ya wanaodhani isimu haina soko, alisomea isimu), haijali nafasi hiyo: amri yake ya print ikifuatwa na mabano, mabano ni yake, yawe karibu au mbali. Python ya Mholanzi Guido van Rossum, iliyotoka mwaka wa 1991, huipa nafasi ya mwanzoni mwa mstari kazi ya kuonyesha ni kauli zipi zinazotawaliwa na ipi, lakini haiijali nafasi iliyo kabla ya mabano. Hata hivyo, print (2 + 3) * 4 iliandika 20 katika Python 2. Katika Python 3, iliyotoka mwaka wa 2008, mstari uo huo huandika 5 kisha hukwama, kwa sababu print ilibadilishwa kategoria ikawa amri inayodai mabano.

Je, Kiswahili?

Tuchukue nafasi kwanza. Kazi ni heshima ni sentensi yenye kitenzi kishirikishi. Kazini heshima ina kielezi cha mahali, na kitenzi kimedondoshwa. Herufi ni zile zile. Nafasi ndiyo iliyohamisha ni kutoka neno huru hadi kiambishi. Katika usemi, kazi hiyo hufanywa na mkazo, ambao huhamia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo, anayesema kwamba nafasi ni suala la tahajia tu amesahau kwamba inaandika kitu kinachosikika.

Mabano yana habari ndefu zaidi. Kiswahili hakiyatumii kuonyesha vikundi vya maneno, lakini kina chombo kingine: upatanisho wa kisarufi. Tukisema kikombe cha chai kilichopasuka, kirejeshi kimefungwa kwenye kikombe. Tukisema kikombe cha chai iliyopoa, kimefungwa kwenye chai. Ngeli imefanya kazi ya mabano, tena bila alama yoyote ya ziada. Utata hutokea pale nomino zote mbili zinapokuwa za ngeli moja: mtoto wa mwalimu aliyefukuzwa. Nani amefukuzwa? Sarufi haisemi. Vivyo hivyo, walimu na wanafunzi wazembe huwatia walimu ndani au huwaacha nje, kutegemea hisani ya msomaji.

Binadamu hutegua utata huo kwa muktadha, na hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaoona kwamba ulinganisho na kompyuta hauna maana. Hoja hiyo ina uzito, ila muktadha haupo kila mara. Chukua agizo la karatasi ya mtihani: Jibu swali la kwanza na la pili au la tatu. Mtunzi alikusudia swali la kwanza liwe la lazima. Mtahiniwa aliyejibu la tatu pekee amesoma kikundi cha kwanza na la pili, kisha akachagua upande wa pili wa au. Ruby na Python zingemuunga mkono: Ruby huyasoma maneno and na or kutoka kushoto kwenda kulia, na Python huifunga and kabla ya or. Hapo alama zinapotea si kwa kutojua somo, bali kwa mabano yasiyokuwapo.

Ngeli haiwezi kuokoa hapo, maana la limejirudia mara tatu. Tiba ni kubadili muundo: Jibu swali la kwanza, kisha uchague moja kati ya la pili na la tatu. Neno kisha hutenga swali la lazima, na kati ya huyafunga mawili yanayobaki, kazi ambayo katika Ruby ingefanywa na mabano.