Bili ya Hospitali Huanzia kwa Mtungi wa Maji

Kunywa maji kwa wingi, huambiwa kila anayetaka kupunguza safari za kwa daktari. Ushauri mzuri, ila mkazi wa Kware, mtaa wa Rongai, ana haki ya kuuliza: maji yapi? Sehemu kubwa ya kaunti ya Kajiado huishi kwa visima virefu, na kuanzia Kitengela hadi Rongai maji ya visima vingi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Chumvi utaihisi kwenye ulimi. Floridi hutaihisi. Kwa hiyo yule muuza maji wa mkokoteni anapokuhakikishia kuwa mtungi wake ni wa maji matamu, huenda anasema kweli kuhusu chumvi na hajui lolote kuhusu floridi.

Madhara yake yanaonekana kila mtoto anapocheka. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu umri wa miaka minane, na katika kipindi hicho floridi nyingi huyaachia madoa ya kahawia. Yakishatokeza nayo, hayatoki kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa limau. Kilichobaki ni kuyafunika kwa daktari wa meno, na huko bei zake zinajulikana. Mtu mzima anayekunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka na miaka anaweza kuharibikiwa hata na mifupa, viungo vikakakamaa.

Wengi hudhani kuchemsha kunasaidia. Kwa vijidudu, ndiyo. Kwa floridi ni kinyume chake: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani na kuwa kali zaidi. Klorini haiigusi, na mkaa wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa, kama ule wa vichujio vilivyotengenezwa kwa miaka mingi na Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru, au mitambo ile ya kuchuja inayouza maji kwa lita madukani, almaarufu maji ya RO. Maji ya mvua nayo hayana floridi ya kusumbua. Mwenye mabati na mfereji wa paa aiache mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege imwagike chini, ndipo akinge. Tangi lifunikwe.

Si lazima ununue maji ghali kwa kila kazi. Ya kisima yafue nguo, yaoshe vyombo na kupiga deki. Ya mvua au yaliyochujwa yawe ya kunywa na kupikia, na kama hayatoshi nyumba nzima, waanze watoto walio chini ya miaka minane. Kisha muulize mwenye kisima unachonunua karatasi ya maabara. Kisima kinapochimbwa, maji yake hupimwa. Tafuta mstari wa floridi na usome tarakimu iliyo mbele yake. Asiye na karatasi, au anayekasirika ukimuuliza, kwangu mimi ameshajibu.

Halafu kuna magadi. Katika kaunti hii hii kuna Ziwa Magadi, ambako magadi yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia moja, na kipande chake hupatikana sokoni kwa bei ya chini sana. Akina mama huyatia kwenye githeri na maharagwe ili yaive upesi na kuokoa makaa. Lakini magadi hubeba floridi, na juu ya hiyo yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji asubuhi, upike kwa maji mapya. Makaa yataokoka vile vile, na gesi ya tumboni itapungua.

Vijidudu ni rahisi kuvimaliza kuliko floridi. Dawa ya klorini ya chupa hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, kisha unasubiri nusu saa. Asiye na hela ya klorini ana jua, na Kajiado haijapungukiwa na jua: jaza maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juu ya bati kwa saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku mbili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye gharama inayoniudhi kuliko zote: ugonjwa uitwao malaria na taifodi. Mtu ana homa na kichwa kinamgonga, anaingia kliniki ya mtaani, anatoka na magonjwa mawili na mfuko wa dawa. Kajiado haimo katika maeneo yenye malaria nyingi kama kandokando ya Ziwa Victoria. Mtu anaweza kuipata, hasa akitoka safari ya Kisumu, Busia au Pwani, na asichelewe kupimwa. Ila tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa ya malaria, na kipimo cha tone la damu hutoa jibu ndani ya dakika zisizozidi 30. Taifodi ndiyo yenye hila zaidi. Kipimo cha Widal kinachotumika sana mitaani huangalia kinga za mwili, si mdudu mwenyewe. Kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye maradhi mengine kabisa. Ukiambiwa una taifodi, uliza umepimwa kwa kipimo gani, na uulize kama damu inaweza kuoteshwa maabara. Antibaiotiki zisizo na kazi zinakula pesa yako leo na kuwafundisha wadudu ukaidi wa kesho.

Nikiwa bado na hasira, niwataje wauzaji wa dawa za kusafisha mwili wanaopanda matatu za Rongai, za 125 na 126. Mwili una figo na ini. Vinasafisha usiku na mchana bila malipo. Pesa ya chupa ile inunue managu, terere, ndengu au omena.

Presha ndiyo ugonjwa wa bei ghali unaoanza bila bei. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Haiumi, ndiyo maana. Inakuja kujitambulisha kwa kiharusi, au kwa figo zilizokufa na mgonjwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki maisha yake yote. Kidonge cha kila siku kwa jina lake la kisayansi, si la kampuni, ni nafuu mno ukikilinganisha na hayo. Mwombe mwenye duka la dawa akupe kwa jina hilo.

Kupimwa hakuhitaji nauli. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 nchi nzima, kila mmoja akihudumia kama kaya 100, na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani na kipimajoto. Wa mtaa wako anajulikana. Muulize mzee wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu. Akija, usipimwe umetoka kupanda ngazi na ndoo. Keti dakika tano, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, mkono uko mezani usawa wa moyo, usiongee. Chai na sigara ziwe zimepita nusu saa. Namba zikirudia kufika 140 kwa 90 katika siku tofauti, nenda kituo cha afya. Wakati huo huo punguza chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye pakiti za mchuzi mix, smokie na mkate. Na tembea. Dakika 150 kwa wiki ndizo zinazoshauriwa. Ukishuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani kila siku, unazikusanya kidogo kidogo.

Ukiugua hata hivyo, usianzie hospitali kubwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya taifa, NHIF, Oktoba 2024. Chini ya mpango huo matibabu ya msingi katika dispensari na vituo vya afya vyenye mkataba hulipiwa na serikali, mradi umejisajili. Kujisajili ni kwa *147# na hakulipiwi. Mchango ni jambo lingine. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, asiyeajiriwa hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake na hapungui shilingi 300 kwa mwezi, na mchango huo ndio unaofungua mlango wa kulazwa na upasuaji. Kwa kibarua, kulipa mwaka mzima kwa mkupuo ni mzigo, sitakuficha. Chama cha wanawake kumi kinachozungusha pesa kila mwezi kinaweza kutenga mzunguko mmoja kwa kazi hiyo kabla ya sufuria mpya.

Turudi jikoni. Maziwa ya kupimiwa yachemshwe mpaka yafure, hata ukimjua mwenye ng'ombe na ng'ombe mwenyewe kwa jina. Maziwa mabichi huleta brusela: homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya viungo, na wiki sita za dawa. Wengi hutibiwa malaria mara tatu kabla ya mtu kuwauliza wanakunywa maziwa gani.

Kutoka jikoni twende kazini. Kwa wanaochonga mawe kwenye machimbo, vumbi laini lenye silika hukaa mapafuni na kuyatia makovu polepole, na ugonjwa huo hauna tiba. Lowesha jiwe kabla ya kulikata, simama upande upepo unakotoka, vaa barakoa inayoshika uso vizuri, maana kitambaa hupitisha vumbi lile laini. Nguo za kazi zisiingie chumba cha watoto. Mapafu yaliyokwaruzwa na vumbi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, kwa hiyo kikohozi kilichozidi wiki mbili kisinunuliwe dawa ya maji dukani. Katika vituo vya umma makohozi hupimwa bure, na dawa za miezi sita hutolewa bure.