Kuvua kwa Mshipi Katika Mto Ruvu



Mto Ruvu unaanzia katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Unapita katika mashamba na mapori mengi, mpaka unamwaga maji yake baharini, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Zamani sehemu yake ya chini iliitwa Kingani. Sisi wa Dunda tumekula samaki wa mto huu tangu utotoni. Lakini kula samaki ni jambo moja, na kumvua ni jambo jingine. Mimi nilikula kwa miaka thelathini kabla sijajua kufunga ndoana.

Aliyenifundisha ni rafiki yangu mvuvi, ambaye alikuwa pia mwanafunzi wangu katika darasa la jioni. Darasani aliniita Mwalimu. Siku ya kwanza mtoni alinipa mshipi, akasema, "Leo, Mwalimu, wewe ndiye mwanafunzi. Kaa chini, na usiseme sana."

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, ndoana mbili, na chubwi, yaani risasi ya kuzamisha mshipi. Chambo chetu kilikuwa kamba wadogo. Walipokwisha, alifunga unyoya mweupe wa kuku juu ya ndoana, akauchezesha majini kama dagaa anayekimbia. Nilicheka. Samaki hakucheka, alikuja akaumeza.

Sasa sikiliza namna ya kuvua. Teremsha mshipi polepole mpaka chubwi iguse chini. Utasikia mshipi umelegea. Kisha uinue kiasi cha shubiri moja au mbili, usubiri kidogo, uushushe tena. Inua, subiri, shusha. Usiuache ulale chini, maana utanasa kwenye mizizi ya mikoko, na kaa watakula chambo chako bure.

Kazi kubwa iko katika kidole cha shahada. Mshipi upite juu ya kidole hicho, nacho kikueleze habari za chini ya maji. Mzizi huvuta kwa uzito mmoja, wala hautikisiki. Samaki mdogo hudonoa, tik-tik, kama kuku anayekula mtama. Samaki mkubwa hutangulia kugusa, halafu huondoka na chambo. Hapo ndipo uvute. Mimi nilivuta kila nilipoguswa, na kila mara ndoana ilirudi tupu. Rafiki yangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, mtoto akianza kusoma neno, wewe humkatiza kabla hajamaliza?" Nikaona aibu, nikaanza kusubiri.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Nilichoka, nikauzungusha mshipi mara tatu kwenye kiganja. Samaki alipovuta, nailoni iliingia katika nyama ya vidole viwili, na damu ikatoka. Alama ninazo mpaka leo. Mshipi ushikwe kwa vidole tu, ili ukitaka kuuachia uachie mara moja.

Jihadhari pia na hongwe, ambaye hupatikana mahali maji chumvi yanapochanganyika na maji matamu. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, na ina sumu. Akikuchoma, tia mahali hapo katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha nenda zahanati.

Na wenyeji wa mto huu siyo samaki peke yao. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hurudi alfajiri. Usisimame katika njia yake, kati yake na maji. Mamba naye hujifunza desturi za watu. Kwa hiyo usiparue samaki ukingoni, wala usichote maji mahali pamoja kila siku. Rafiki yangu hakuingiza hata mguu majini bila kutazama kwanza, ijapokuwa alizaliwa hapo.

Baruti na sumu ya kuulia samaki sizielezi hapa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inazikataza, na anayezitumia hana la kumfundisha mtu.

Nakuja katika jambo lililonifanya niandike somo hili. Rafiki yangu alijua saa za maji kwa kutazama mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mkondo huwa na nguvu, na chubwi nyepesi huchukuliwa kama jani. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja huja maji mafu, yenye mkondo mpole. Hayo yanamfaa anayejifunza. Yeye mwenyewe alipenda saa ya maji kuanza kujaa, samaki wanapopanda mtoni kutafuta chakula.

Hayo aliyapata kwa baba yake. Mzee huyo alijua kila kilindi cha mto, na masika gani kilihama. Alifariki, na mengi aliyoyajua hayakuandikwa popote. Mwanawe alikumbuka nusu tu. Basi alipoanza kuandika, sentensi zake za kwanza hazikuwa barua. Alichora mistari katika daftari, akajaza tarehe, mwezi, saa ya maji, mahali, chambo na samaki. Siku asizopata kitu aliandika "hapana". Nilimwambia siku hizo angeweza kuziruka. Akakataa, akasema mtoto wake atahitaji kujua na siku hizo.

Maswali ya kuzungumza darasani

Kwa nini mvuvi asizungushe mshipi mkononi?

Leo maji yamejaa saa 10 jioni. Kesho jioni yatajaa saa ngapi? Keshokutwa jioni je?

Chora daftari la kazi yako mwenyewe, ya uvuvi au ya shamba, na ulijaze kwa siku 7. Andika na siku za "hapana".