Pango Lililofungwa

Karibu na mji mdogo wa Montignac, katika nchi ya Ufaransa, liko pango liitwalo Lascaux. Mnamo Septemba 1940 vijana wanne walipenya ndani yake kwa tundu jembamba, wakaona ukutani picha za mafahali wa mwitu, farasi na kulungu. Watu wa kale walizichora kwa udongo mwekundu na wa manjano, na kwa mawe meusi yaliyosagwa, yapata miaka 17,000 iliyopita.

Mwaka 1948 pango lilifunguliwa kwa watazamaji. Wakaja makundi kwa makundi, siku nyingine zaidi ya elfu moja. Hawakuja kwa nia mbaya. Walivuta pumzi tu. Walakini pumzi ya watu wengi ina joto na unyevu, na taa nazo zilikuwa zikiwaka. Kuta zikaanza kuota utando wa kijani. Ndipo mwaka 1963 serikali ikalifunga.

Basi wageni waonyeshwe nini? Mwaka 1983 ilifunguliwa nakala ya sehemu ya pango, na mwaka 2016 nyingine iliyo kubwa zaidi, chini ya kilima. Tena wataalamu wamelipima pango kwa miali ya nuru, wakatengeneza mfano wake usioshikika kwa mkono. Msafiri huvaa miwani mikubwa inayofunika macho yote. Agezapo kichwa huku na huku huona kuta pande zote, akadhani yumo ndani. Ufundi huo huitwa uhalisia pepe.

Lakini aliyelipa nauli kutoka mbali atakubalije kitu cha kuigwa? Akidanganywa ya kuwa ndilo pango lenyewe, hukasirika, naye ana haki. Akielezwa tangu mlangoni ya kuwa pumzi yake ndiyo iharibuyo, moyo wake hulainika. Hutaka pia kazi iwe ya uangalifu: ufa ule ule, kivuli kile kile. Na miwani isimtese! Jambo hili si dogo, kwa maana macho yakimwambia kwamba anakwenda, na masikio kwa ndani, yapimayo mwendo wa mwili, yakikana, hushikwa na kichefuchefu kama abiria wa jahazi baharini. Aliyetapika mara moja harudi upesi.

Mzee asiyeweza kushuka ngazi hahitaji kushawishiwa. Kwake miwani hiyo ni mlango ambao hakuwa nao kamwe.

Pango lenyewe lingali limefungwa. Waingiao ni wataalamu wachache, tena kwa muda mfupi.