Ghorofa Zikipandishwa Mtaani Kwenu: Pingamizi Lipi Lina Uzito?

Hakuna sheria nchini Kenya inayokupa haki ya kuchagua majirani. Naanza na hilo kwa sababu pingamizi nyingi dhidi ya nyumba za bei nafuu, ziwe za wakazi wa Elgon View, Kapsoya au Kimumu hapa Eldoret, hukosea njia katika sentensi ya kwanza: wataleta wizi, ploti zetu zitashuka bei, mtaa utakuwa na msongamano kama wa Langas. Ukiandika hivyo, umemkabidhi wakili wa upande wa pili kazi yake ikiwa nusu imekwisha. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, ukiwemo ule wa kumtazama mtu kwa asili yake katika jamii.

Na huyo anayeogopwa ni nani hasa? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imewapanga watu kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii. Anayepata kati ya 20,000 na 149,000 ndiye wa nyumba za bei nafuu. Huyo ni muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Moi, ni mwalimu, ni karani wa kaunti. Pengine ni binti yako aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye tayari anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kugharamia nyumba hizo hizo.

Ila sisemi mnyamaze. Sheria inawapa sauti juu ya mpango wenyewe: ghorofa ngapi, maji kutoka wapi, majitaka kwenda wapi, magari yatapita njia gani, watoto watasoma shule ipi. Eldoret ilitawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini hati ya jiji haipanui bomba. Ikiwa mtaa wenu unategemea matangi ya majitaka ya kuchimba na maji ya mgao, hoja ya familia mia kadhaa kuongezwa kwenye ekari chache ni hoja nzito.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema wazi kwamba hakuna ujenzi bila kibali cha kaunti. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Anayeomba kibali ni lazima autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayesimamia ardhi. Kaunti nayo, kabla ya kuamua, inapaswa kutazama mipango iliyoidhinishwa, afya na huduma za jamii, maoni yaliyotolewa, na kama ardhi ni ya kukodishwa, masharti yaliyoandikwa katika hati. Hapo pana siri ambayo wengi huipita: hati za zamani za mitaa yenye ploti kubwa mara nyingi huwa na sharti la nyumba moja kwa ploti moja. Fanyeni upekuzi rasmi wa ploti hiyo katika ofisi ya usajili wa ardhi, msome masharti, kisha muulize kama mabadiliko ya matumizi yaliombwa na kukubaliwa. Karatasi moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko sahihi mia tano za kulalamika.

Sahihi si mbaya. Lakini kila mkazi akiandika barua yake, akieleza anaishi umbali gani na mfereji wake hukauka siku zipi, afisa wa mipango atapata cha kujibu. Orodha ya majina chini ya aya moja iliyonakiliwa huonekana kama kazi ya mtu mmoja mwenye kalamu nyingi.

Sasa muda, maana hapo ndipo mitaa hupoteza kesi. Mwombaji akikaa siku 60 bila kujibiwa na kaunti kwa maandishi, sheria inachukulia kwamba amepewa kibali. Kwa hiyo kimya cha ofisi si ushindi wenu. Kibali kikitolewa na hamkuridhika, mna siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi, ambayo kwa Kiingereza hujulikana kama Liaison Committee. Rufaa hiyo haikuwekewa mwenye mradi peke yake. Mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kuipeleka. Mkishindwa hapo, mnakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo hapa Eldoret. Kaunti kadhaa zimechelewa kuunda kamati hizi. Mkiambiwa haipo, msirudi nyumbani kimya: andikeni barua ya rufaa hivyo hivyo, ipokelewe, nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe. Siku ya mahakama muhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba hamkulala.

Mlango wa pili ni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mradi wa nyumba nyingi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na kadiri idadi ya nyumba inavyopanda ndivyo ripoti inavyotakiwa kuwa ya kina zaidi. Ripoti hiyo si siri. Iombeni, na mwende moja kwa moja kwenye kurasa za maji, majitaka na magari, kisha mtazame orodha ya waliohojiwa. Mara nyingine utakuta waliohojiwa ni wapita njia wa kituo cha matatu kilomita mbili kutoka kwenye ploti. Leseni ikitolewa, mna siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Ombeni pia, kwa maandishi, amri ya kusimamisha kazi kwa muda. Msidhani kwamba kupeleka rufaa peke yake kutazima mashine ya kuchanganya saruji.

Je, jopo hilo huwasikiliza wananchi kweli? Waulizeni watu wa Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 jopo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa kampuni ya Amu Power, baada ya shirika la wakazi la Save Lamu na wenzao kuonyesha kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano mingi ilifanyika kabla ya ripoti kukamilika, hivyo watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hawakuwa wamekiona. Mradi ulikuwa wa mabilioni na serikali ikiuunga mkono. Ulianguka kwa sababu ya utaratibu.

Mlango usio sahihi nao una gharama. Wakazi wa Kibos kule Kisumu, waliokuwa wakilalamikia uchafuzi wa viwanda, walishinda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kisha wakapoteza ushindi huo kwenye rufaa kwa kuwa masuala ya leseni yalipaswa kuanzia kwenye jopo. Mahakama ya Juu ilikubaliana na hilo mwaka 2020, ingawa ilisema masuala ya kikatiba yangeweza kusubiri mahakamani hadi jopo limalize kazi yake. Kwa lugha ya mtaani: pingamizi la kibali liende kwa kamati, la leseni ya NEMA liende kwa jopo, na madai ya haki za Katiba yaende mahakamani. Kwa madai ya mazingira safi, kifungu cha 70 hakikudai uonyeshe kwamba wewe binafsi umeumia.

Mtaambiwa, "Huu ni mradi wa serikali kuu." Sawa, lakini kifungu cha 10 cha Katiba, kinachotaja ushirikishwaji wa wananchi, kinabana kila chombo cha serikali, kikuu na cha kaunti. Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco mwaka 2019, ilisema ushirikishwaji uwe wa kweli, si wa kutimiza ada. Lakini haikusema kwamba maoni yote lazima yakubaliwe. Baraza la chifu lililoitwa leo kwa kesho, bila ramani wala ripoti, ni vigumu kulitetea. Mkutano uliotangazwa vizuri ambao ninyi hamkuhudhuria ni vigumu kuulalamikia.

Hata kabla ya wakili, andikeni ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ombeni nakala ya kibali, michoro, barua ya kampuni ya maji ya ELDOWAS kuhusu uwezo wake, na kumbukumbu za mikutano. Wakikataa, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Maandamano ni haki chini ya kifungu cha 37, mradi yawe ya amani na bila silaha, na mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa angalau siku 3 kabla. Kung'oa mabati ya uzio ni kosa la jinai, na mtakaokamatwa mtakosa siku za rufaa mkiwa seli.

Kuna kundi ambalo wenye nyumba zao hulisahau katika vikao hivi: wanaoishi juu ya ardhi yenyewe inayotakiwa. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa hata waliokaa bila hati, na katika kesi ya chama cha wakazi cha Mitu-Bell mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilitambua kwamba walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma wanaweza kuwa na madai ya haki ya makao. Mpangaji wa nyumba ya kaunti analindwa zaidi na mkataba wake. Atafute stakabadhi zake za kodi sasa, za miaka yote anayoweza kupata, na aweke nakala mahali salama, maana mazungumzo ya fidia yakianza swali la kwanza litakuwa nani alikuwa akiishi hapo na kwa haki gani.