Mkorogo Haukai Usoni Peke Yake

Siku ya soko la Ngaramtoni, mama aliyeteremka na ndizi zake kutoka mbavuni mwa Mlima Meru, akishauza na kufunga fedha katika pindo la khanga, hupita mbele ya meza ya vipodozi, ambapo kando ya mafuta ya nazi hukaa kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, akaambiwa kuwa kitamtakatisha uso kabla ya harusi ya nduguye. Kikopo hicho, au mchanganyiko wa viwili vitatu vya namna yake, ndicho watu wakiitacho mkorogo. Hatumlaumu mama huyo, maana amekulia baina ya ndimi zinazomsifu mweupe mbele ya mweusi, na lawama yetu huanza kwa wenye ndimi hizo. Lakini siha ya nyumba yake inatulazimu kumweleza yaliyomo.

Ya kwanza, haidrokwinoni, huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, nayo ikidumishwa miaka mingi, uso uliotakata hurudi na mabaka meusi ya kibuluu ambayo ni taabu kubwa kuyaondoa. Steroidi, kama klobetasoli, ni dawa ambazo tabibu huzitoa kwa maradhi maalumu na kwa muda mfupi. Zikipakwa mwili mzima kila siku, ngozi huwa nyembamba na jeraha hukawia kufunga.

Ya tatu ni zebaki, nayo ndiyo iliyotufanya tuandikie nyumba nzima badala ya mwanamke peke yake. Hupenya ngozi ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito hufika hata kwa mtoto aliye tumboni. Tena hugeuka mvuke katika hewa ya chumba, hushika taulo na mto, na kiganja cha mama huichukua hadi shavuni mwa mwanawe. Mwaka 2010, huko California, Marekani, ilipopimwa jamaa ya watu waliotumia krimu ya namna hii, zebaki ilionekana hata katika miili ya wasioipaka kamwe.

Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, wenye jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliwaua na kuwalemaza walaji wa samaki, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania imeuridhia. Na tangu 2019 vipodozi nchini vimo chini ya uangalizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini sheria haisimami mezani pa kila mchuuzi. Basi mnunuzi atazame kama kikopo kimeandikwa mercury au calomel, au kama kinaonya krimu isiguse pete ya dhahabu wala ya fedha, kwa kuwa zebaki hushikamana na madini hayo.

Aliyekwisha kujipaka na aache, aende kwa tabibu upesi na kikopo mkononi, bila haya, kwani ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka na kuvimba zikiondolewa, na asiyeambiwa sababu hurudia mkorogo akidhani ngozi yake imeukosa. Kikopo kisichomwe na takataka nyuma ya migomba, maana moto huipandisha zebaki hewani. Wala kisitupwe mferejini, kwa kuwa maji yale yanakwenda kunywesha mashamba ya walio chini. Kitiwe ndani ya chombo chenye kifuniko cha kukaza, kiwekwe mbali na watoto, akabidhiwe bwana afya.